Namna ya Kupima Mzunguko wa Kila Siku wa Halijoto ya Angahewa ya Juu kwa Satelaiti

Mtu anayetaka kujua jinsi halijoto inavyopanda na kushuka ardhini kati ya mchana na usiku huhitaji kipimajoto kimoja na subira ya saa 24. Kilometa 85 juu ya ardhi njia hiyo haipo: maputo ya hali ya hewa hupasuka mapema mno, ndege ya kawaida haifiki hata robo ya safari, na roketi ya utafiti hulipita tabaka hilo kwa dakika chache kisha ikaanguka. Satelaiti ndiyo inayoweza kuipima halijoto hiyo dunia nzima mwaka hadi mwaka, lakini nayo ina kasoro yake. Satelaiti ya obiti ya chini hukata latitudo moja mara mbili katika kila mzunguko, mara moja ikielekea kaskazini na mara moja ikielekea kusini, na saa ya jua (saa ya mahali hapo kwa kufuata Jua lilipo angani) inayoikuta hapo leo inakaribia sana ile iliyoikuta jana. Siku kamili, basi, haionwi na satelaiti. Hushonwa kwa vipande vilivyokusanywa kwa wiki nyingi. Mwongozo huu unahusu ushonaji huo, kwa kuwa makosa mengi katika kazi hii hayatoki kwenye kihisi bali kwenye mshono.

Kinachopimwa hasa

Jua linapoipasha angahewa joto kila siku, angahewa huitika kwa mawimbi ambayo wataalamu huyafananisha na kujaa na kupwa kwa bahari, ingawa haya husukumwa na joto la Jua zaidi kuliko mvutano wa Mwezi. Mvuke wa maji karibu na ardhi hufyonza miali infraredi ya Jua, ozoni ya stratosfia (tabaka la kati ya kilometa 12 na 50 hivi) hufyonza miali ya urujuanimno, na mawingu makubwa ya mvua za tropiki huachia joto lao kwa ratiba inayofuata saa za mchana na usiku. Mawimbi yanayozaliwa huko chini hupanda juu. Kwa sababu hewa huzidi kuwa nyembamba kadiri tunavyopanda, nishati ileile hubebwa na hewa kidogo zaidi, na kimo cha wimbi hukua. Pasipokuwa na kitu cha kulidhoofisha, hukua kwa takribani mara 2.7 kila kilometa 14. Ndiyo maana badiliko la kelvini chache tu (kelvini moja ya badiliko ni sawa na digrii moja ya Selsiasi) katika kilometa 45 laweza kufikia kelvini 10 au zaidi karibu na kilometa 85 juu ya ikweta, hasa katika miezi ya Machi na Septemba.

Wimbi kuu la tropiki lina kipindi cha saa 24 na husafiri kuelekea magharibi likifuatana na Jua. Lipo pia wimbi la saa 12, ambalo huwa na nguvu zaidi katika latitudo za kati, na la saa 8 ambalo kwa kawaida ni dogo. Kwa kila wimbi unatafuta mambo mawili katika kila kimo cha angahewa: kimo cha wimbi lenyewe, yaani kelvini ngapi juu na chini ya wastani, na saa ya kilele, yaani saa ya jua ambapo halijoto inafikia ukomo wake wa juu.

Anza na obiti, si na kihisi

Wengi huchagua satelaiti kwa sifa za kihisi chake, wakaja kugundua baadaye kwamba data yake haina saa walizozihitaji. Ni afadhali kuanza na hesabu fupi ya obiti, ambayo hufanyika kwenye karatasi kwa dakika tano.

Dunia si tufe kamili. Imevimba kiasi kwenye ikweta, na uvimbe huo huligeuza polepole bapa la obiti. Kwa obiti ya mviringo, kasi ya mgeuko huo kwa digrii kwa siku ni:

kasi = −9.96 × (6378 ÷ a)^3.5 × cos i

ambapo a ni umbali wa satelaiti kutoka kitovu cha Dunia kwa kilometa, na i ni mwinamo wa obiti, yaani pembe kati ya bapa lake na ikweta. Jua nalo, likitazamwa kutoka duniani, husogea digrii 0.986 kwa siku upande wa mashariki. Tofauti ya kasi hizo mbili ndiyo inayoamua saa ya jua ya satelaiti itabadilika kwa kiasi gani kila siku.

Tuchukue TIMED, satelaiti ya Marekani iliyorushwa tarehe 7 Desemba 2001 katika kimo cha kilometa 625 na mwinamo wa digrii 74.1. Hapa a ni 7003, na hesabu inatoa −1.97. Ukiondoa 0.986 unapata −2.95, maana yake bapa la obiti linarudi nyuma digrii 2.95 kwa siku kulinganisha na Jua. Kila digrii 15 ni saa moja, kwa hiyo saa ya jua hurudi nyuma kwa dakika 12 hivi kila siku. Kwa kuwa safari ya kupanda kaskazini na ile ya kushuka kusini hutenganishwa na takribani saa 12 karibu na ikweta, kila moja inahitaji kufagia nusu siku tu ili kwa pamoja zikamilishe saa 24. Digrii 180 zikigawanywa kwa 2.95 ni siku 61. Huo ndio urefu wa vazi lako: chini ya siku 60 hivi, siku haijakamilika, na pengo litabaki mahali fulani.

Rudia hesabu hiyo kwa Aura, iliyorushwa tarehe 15 Julai 2004 katika kilometa 705 na mwinamo wa digrii 98.2. Kosaini ya pembe hiyo ni hasi, hivyo mgeuko unakuwa chanya na kufikia digrii 0.98 kwa siku, yaani sawa na mwendo wa Jua. Obiti hiyo hutembea na Jua kwa makusudi. Kwa miaka mingi Aura ilikata ikweta saa 13:45 mchana na saa 1:45 usiku (kwa hesabu ya kuanzia usiku wa manane), siku baada ya siku. Kwa kufuatilia ozoni ni mpango mzuri sana, kwa sababu mzunguko wa kila siku hauingilii mabadiliko ya miaka. Kwa kazi yetu unakupa nukta mbili tu kati ya saa 24.

Nukta mbili hizo hazikosi faida. Ukitoa halijoto ya usiku kwenye ile ya mchana na kugawa kwa mbili, unapata thamani ya wimbi la saa 24 katika saa hiyo moja, pamoja na mchango mdogo wa lile la saa 8. Wimbi la saa 12 linajifuta lenyewe, kwa kuwa baada ya saa 12 huwa limerudi palepale. Ukizijumlisha na kugawa kwa mbili, mambo hugeuka: wimbi la saa 24 linajifuta, na la saa 12 linajificha ndani ya wastani bila njia ya kulitenganisha. Hesabu hizo mbili ndogo zifahamike vizuri, maana zitarudi tena tutakapofika kwenye mtego wa majira.

Obiti zenye mwinamo mdogo hufagia saa kwa kasi zaidi. Satelaiti ndogo 6 za COSMIC-2, zilizorushwa Juni 2019 kwa mwinamo wa digrii 24, zinahitaji kama siku 23 kwa kila satelaiti, na kwa kuwa zimetawanywa, zote kwa pamoja hupunguza muda huo sana. Gharama yake ni kwamba haziwezi kuona latitudo za juu. Hakuna obiti moja inayotoa saa zote, latitudo zote na muda mfupi kwa pamoja. Mpimaji huchagua atakachokosa.

Kihisi kinaona nini

Hakuna kihisi cha satelaiti kinachogusa hewa ya kilometa 85. Vyote hupokea mawimbi ya mwanga au redio, na halijoto hukokotolewa baadaye.

SABER, chombo kilichomo ndani ya TIMED, hutazama ukingo wa Dunia pembeni na kupima miali infraredi ya mikrometa 15 inayotolewa na hewa ya ukaa. Mwangaza wa miali hiyo unategemea halijoto, na kwa kuwa kihisi hupandisha na kushusha mtazamo wake kupitia ukingo, hupatikana safu ya halijoto kutoka kilometa 20 hivi hadi kilometa 110 hivi, yenye uwezo wa kutenganisha tabaka la takribani kilometa 2. Safu za namna hiyo hukaribia 1,500 kwa siku. Chombo cha MLS ndani ya Aura husikiliza mawimbi ya redio ya oksijeni karibu na gigahezi 118, na huona vizuri stratosfia, lakini katika mesosfia (juu ya stratosfia, hadi kilometa 90 hivi) tabaka zake hunenepa hadi kilometa 10 na zaidi. COSMIC-2 hupokea ishara za satelaiti za uongozaji wa safari zinazopindishwa na angahewa. Kipimo chake ni safi sana hadi kilometa 35 au 40, na juu ya hapo kelele ya ionosfia (hewa ya juu yenye chembe za umeme) huanza kutawala.

Unene wa tabaka una uzito kuliko unavyoonekana. Wimbi la saa 24 la tropiki lina urefu wima wa kilometa 25 hivi, maana yake kilele na bonde lake vimetenganishwa na kilometa 12 au 13 tu. Kihisi kinachochanganya hewa ya kilometa 10 kitaona robo tatu tu ya kimo cha wimbi. Kinachochanganya kilometa 4 kitapoteza asilimia 4 tu. Kwa hiyo vihisi vinavyotazama moja kwa moja chini, ambavyo kila mkondo wake hujumuisha tabaka nene zaidi ya hapo, hudhoofisha wimbi hilo kiasi kwamba sipendekezi vitumike kama chanzo kikuu. Kwa wapimaji wa tabianchi, mzunguko wa kila siku katika vihisi hivyo ni adui: satelaiti za hali ya hewa zilizochukua vipimo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 zilisogea polepole kutoka saa zao za asili, na tofauti ya saa ikajifanya ni badiliko la halijoto la miaka mingi mpaka ilipokokotolewa na kuondolewa.

Jambo moja la SABER linahitaji uangalifu wa pekee. Juu ya kilometa 70 hivi, molekuli za hewa ya ukaa hugongana mara chache mno kiasi kwamba mwangaza wake haufuati tena halijoto kwa njia rahisi, na kanuni ngumu zaidi hutumika, zinazotegemea kiasi cha hewa ya ukaa, oksijeni ya atomu moja na mwanga wa Jua. Hayo yenyewe hutofautiana kati ya mchana na usiku. Kosa la kihisi ni kelvini 1 au 2 katika stratosfia, lakini hukua kwa kasi kuelekea kilometa 100, na sehemu ya kosa hilo inaweza kufuata saa ya jua. Kwa maoni yangu, wimbi la kelvini 2 juu ya kilometa 95 lisitangazwe kwa kutegemea chombo kimoja.

Kuandaa data

Faili za SABER hutolewa bure, na kila safu huja na muda wa ulimwengu (UTC, saa moja inayotumika dunia nzima), latitudo, longitudo, kimo, shinikizo na halijoto. Kazi ya kwanza ni kuondoa safu zenye alama ya hitilafu na thamani za kujazia, kisha zile zenye halijoto isiyowezekana. Usichuje kwa ukali mno: ukitupa kila kipimo kilicho mbali na wastani kwa kelvini 20, katika kilometa 90 utakuwa unatupa mawimbi halisi.

Kazi ya pili ni saa ya jua. Kanuni yake ni rahisi: chukua muda wa ulimwengu kwa saa na desimali, ongeza longitudo ya mashariki iliyogawanywa kwa 15, na ikizidi 24 ondoa 24. Kipimo kilichochukuliwa saa 13:20 ya ulimwengu katika longitudo ya digrii 40.5 mashariki kina saa ya jua ya 13.33 + 2.70, yaani 16.03. Saa hizi zote zihesabiwe kuanzia usiku wa manane. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea saa moja ya asubuhi ajihadhari hapa, kwa kuwa kuchanganya hesabu hizo mbili mahali pamoja tu kwenye programu husogeza kilele cha wimbi la saa 24 kwa robo ya mzunguko, na hugeuza wimbi la saa 12 kichwa chini, kilele kikawa bonde.

Longitudo inayotumika lazima iwe ya nukta ambapo mstari wa mtazamo unaigusa angahewa, wala si ya satelaiti. Tofauti si ndogo. Kutoka kilometa 625, nukta ya mgusano ya kilometa 85 ipo umbali wa karibu kilometa 2,700, sawa na digrii 22.6 za duara la Dunia. SABER hutazama pembeni mwa njia yake, kwa hiyo karibu na ikweta sehemu kubwa ya digrii hizo ni ya longitudo, na atakayetumia mahali pa satelaiti atakosea saa ya jua kwa karibu saa moja na nusu. Kosa hilo huingia kimyakimya. Michoro hutoka mizuri, na saa za kilele zote huwa zimehama.

Kila baada ya siku 60 hivi TIMED hugeuzwa nyuma mbele ili SABER isielekezwe kwenye Jua. Kabla ya mgeuko huona kutoka latitudo 53 ya upande mmoja wa ikweta hadi 83 ya upande mwingine, na baada yake kinyume. Kwa mfululizo usiokatika, baki kati ya digrii 50 kaskazini na 50 kusini.

Mwisho, amua kama utapanga vipimo kwa kimo au kwa shinikizo. Yote mawili yanakubalika, ila hayatoi jibu moja, kwa sababu wimbi lenyewe huinua na kushusha nyuso za shinikizo. Chagua moja, ulitaje, na usilinganishe matokeo yako na ya mtu aliyechagua jingine. Gawanya kisha latitudo kwa mikanda ya digrii 5 na kimo kwa hatua ya kilometa 1 au 2.

Kutoshea wimbi

Kwa kila mkanda na kila kimo, chukua vipimo vyote vya siku 60 na utoshee mlinganyo huu kwa njia ya miraba midogo kabisa, yaani inayofanya jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kuliko zote:

T = T0 + a1 cos(2πh/24) + b1 sin(2πh/24) + a2 cos(2πh/12) + b2 sin(2πh/12)

ambapo T ni halijoto, T0 ni wastani wake, na h ni saa ya jua. Ongeza jozi ya saa 8 ukiwa na data ya kutosha. Kimo cha wimbi la saa 24 ni kipeuo cha pili cha jumla ya a1 mraba na b1 mraba, na saa ya kilele ni pembe ya nukta (a1, b1) kwa digrii, iliyogawanywa kwa 15. Kwa wimbi la saa 12 pembe hugawanywa kwa 30.

Tuseme umepata a1 = −6.0 na b1 = 4.5. Kimo ni kelvini 7.5. Pembe sahihi ni digrii 143.1, kwa hiyo kilele ni saa 9.54, yaani saa 9:32 za asubuhi kwa hesabu ya kuanzia usiku wa manane. Atakayetumia tanjenti kinyume ya kawaida, inayopokea uwiano b1 ÷ a1 peke yake, atapata −36.9 na kutangaza kilele saa 21:32, kosa la saa 12 kamili. Tumia daima ile inayopokea namba mbili zikiwa na alama zake.

Kabla ya kuendelea, chora idadi ya vipimo dhidi ya saa ya jua. Nimeona mara nyingi pengo la saa mbili au tatu, kwa kawaida karibu na adhuhuri, ambako SABER haipati vipimo. Mlinganyo utalijaza pengo hilo bila kukuonya, na jozi ya saa 8 hasa itachukua nafasi ya kupandisha au kushusha mkunjo humo inavyotaka.

Mtego wa majira

Hapa ndipo mshono hukatika kwa wengi. Siku 60 ni theluthi mbili za majira, na wastani wa halijoto haukai ukisubiri umalize kupima.

Fikiria angahewa isiyo na wimbi lolote, ambayo wastani wake unashuka kelvini 6 kwa mwendo sawa katika siku 60. Safari za kupanda zinaanza saa 24 na kurudi nyuma hadi saa 12. Zile za kushuka zinaanza saa 12 na kurudi hadi saa 0. Ukichora halijoto dhidi ya saa ya jua utaona mteremko uleule mara mbili, kama meno mawili ya msumeno, na kwa kuwa mchoro huo unajirudia kila baada ya saa 12, mlinganyo utauita wimbi la saa 12. Kimo chake kitakuwa 6 ÷ π, yaani kelvini 1.9, bila kuwepo chochote. Wimbi la saa 24, kwa upande wake, halitaguswa kabisa, kwa sababu safari mbili za siku moja hubeba wastani uleule. Ndiyo maana matokeo ya saa 24 kutoka kwa satelaiti ya namna hii huaminika kuliko ya saa 12, hata pale ambapo vimo vyao vinalingana.

Wazo linalomjia mtu haraka ni kuondoa wastani wa kila siku kabla ya kutoshea. Lisifuatwe. Wastani wa siku moja ni jumla ya kupanda na kushuka iliyogawanywa kwa mbili, na tuliona kwamba wimbi la saa 12 limejificha humohumo. Ukiuondoa, umelitupa wimbi pamoja na majira. Dawa bora ni kuongeza kwenye mlinganyo kipengele cha mwelekeo, c × (d − 30), ambapo d ni siku ya kipindi, na kuacha vyote vitoshewe kwa pamoja. Vinatenganishika, ila si bure: mstari ulionyooka na sehemu ya saini ya wimbi la saa 12 vinafanana kwa kiwango kikubwa, na kosa la sehemu hiyo hupanuka kwa takribani mara 1.6. Lililo muhimu ni kwamba sasa upana wa kosa unaonekana kwenye matokeo badala ya kujificha.

Kuweka miaka mingi juu ya mingine hakusaidii haraka kama mtu anavyotarajia. Vipindi 6 vya siku 61 ni siku 366, hivyo TIMED hurudi kwenye saa karibu zilezile tarehe zilezile mwaka unaofuata, na meno ya msumeno hukaa palepale. Kinachosaidia ni satelaiti ya pili yenye obiti tofauti, mradi kwanza tofauti ya kudumu kati ya vihisi viwili iondolewe, kwa kuwa vyombo viwili vinavyopima hewa moja huweza kupishana kwa kelvini kadhaa katika mesosfia.

Mawimbi yasiyoandamana na Jua

Yaliyotangulia yamechukulia kwamba wimbi ni lilelile katika longitudo zote. Sivyo. Mvua za tropiki hunyesha zaidi juu ya mabara kuliko baharini, na tofauti hiyo huzaa mawimbi yenye mwendo wake. Maarufu zaidi ni wimbi la saa 24 lenye vilele 3 kuizunguka Dunia, linaloelekea mashariki. Kwa muda wa ulimwengu t na longitudo λ, umbo lake ni cos(Ωt − 3λ), Ω ikiwa ni kasi ya mzunguko mmoja kwa siku. Lakini satelaiti hupima kwa saa ya jua, ambapo Ωt ni sawa na Ωh − λ, na umbo hugeuka kuwa cos(Ωh − 4λ). Vilele 3 vimekuwa 4. Satelaiti ya IMAGE ya Marekani iliona mng'ao wa ionosfia karibu na ikweta ukiwa na vilele vinne vya namna hiyo, na wimbi hili likatambuliwa kuwa chanzo chake.

Ili kuyapata, kila kipengele cha saa kiruhusiwe kubadilika kwa longitudo: badala ya a1 na b1 peke yake, tumia cos na sin za (2πnh/24 − kλ), n ikiwa 1 kwa wimbi la saa 24 na 2 kwa la saa 12, na k ikitoka −5 hadi 5. Satelaiti hukata latitudo kama mara 15 kwa siku katika kila mwelekeo, nafasi ya digrii 24, hivyo k ya 7 ndiyo mpaka wa nadharia na 5 ni mpaka wa busara. Kuona vilele vinne katika saa moja ya jua hakuthibitishi wimbi la vilele 3 la saa 24, kwani wimbi la saa 12 lenye vilele 2 linaloelekea mashariki nalo huonekana na vilele vinne, na hata wimbi lililosimama lenye vilele 4 pia. Lazima saa zote ziwepo ndipo litenganishwe.

Kujihakikishia

Jaribio ninaloliamini kuliko yote halihitaji data yoyote mpya. Chukua muda, latitudo na longitudo halisi za vipimo vyako, futa halijoto, na uweke mahali pake halijoto ya kubuni unayoijua: tuseme wastani wa kelvini 190, wimbi la saa 24 la kelvini 8, hakuna la saa 12, na mteremko wa majira wa kelvini 6. Ongeza kelele ya kelvini 5 kwa kila kipimo. Pitisha yote kwenye programu ileile. Ikirudisha kelvini 8 na sifuri, endelea. Ikirudisha wimbi la saa 12 la kelvini 1.9, umeujua ugonjwa kabla ya kuwaonyesha watu matokeo.

Kisha tazama kama fizikia inakubali. Wimbi linalopanda kutoka chini huwahi kufikia kilele kadiri unavyopanda. Kwa urefu wima wa kilometa 25 na kipindi cha saa 24, kilele hutangulia kwa karibu saa moja kila kilometa. Chora saa ya kilele dhidi ya kimo. Mstari ulioinama vizuri kutoka kilometa 60 hadi 95 ni ushahidi bora kuliko kimo chochote cha wimbi, kwa kuwa kelele haiwezi kujipanga hivyo. Saa zinazorukaruka kati ya tabaka jirani zinaonyesha kwamba wimbi ni dogo kuliko kosa lake.

Juu ya kilometa 110

Huko juu wimbi hutokana zaidi na joto linalomwagwa palepale. Oksijeni na naitrojeni hufyonza miali mikali ya urujuanimno, halijoto hufika kelvini 700 wakati Jua limetulia na kuzidi 1,200 linapochachamaa, na tofauti ya mchana na usiku hupita kelvini 100. Kilele huangukia alasiri na bonde kabla ya alfajiri, bila ule utangulizi wa saa moja kila kilometa.

Kati ya kilometa 90 na 115 hivi, satelaiti ya ICON, iliyorushwa Oktoba 2019 kwa mwinamo wa digrii 27 na kupoteza mawasiliano Novemba 2022, ilipima halijoto kwa umbo la mng'ao wa oksijeni karibu na nanometa 762. Katika kilometa 300 hadi 450 njia ya kawaida ni kupima jinsi hewa inavyoikwaza satelaiti yenyewe. Satelaiti ya CHAMP, iliyokuwa angani kutoka 2000 hadi 2010, ilikuwa na kipimamchapuko cha hali ya juu. Kutokana na kukwazwa kwake hupatikana msongamano wa hewa, na kutokana na msongamano hukisiwa halijoto kwa msaada wa modeli. Obiti yake ilipita karibu na ncha za Dunia, hivyo ilihitaji takribani siku 130 kukamilisha saa zote. Katika muda huo Jua hubadilika mara kadhaa, na kipengele cha mwelekeo pekee hakitoshi. Kipimo cha kila siku cha nguvu ya Jua na cha misukosuko ya sumaku ya Dunia viingizwe kwenye mlinganyo, la sivyo mzunguko wa Jua lenyewe wa siku 27 utachanganyika na saa.

Chombo kimoja kimekwepa ushonaji kwa sehemu. GOLD, kilichopandishwa tarehe 25 Januari 2018 juu ya satelaiti ya mawasiliano iliyotulia juu ya ikweta katika longitudo 47.5 magharibi, hutazama uso uleule wa Dunia tena na tena siku nzima, na husoma halijoto ya karibu kilometa 150 kutokana na mng'ao wa naitrojeni. Hapo saa ya jua na tarehe hazifungamani tena, na mabadiliko ya siku moja yanaweza kufuatwa siku hiyohiyo. Ila mng'ao huo huhitaji Jua, kwa hiyo mkunjo wa GOLD hukatika jioni na kuanza tena asubuhi, na atakayetoshea wimbi la saa 24 humo atakuwa anaukisia usiku kutokana na mchana. Katika hali hiyo, ripoti tofauti ya halijoto kati ya saa zilizopimwa kweli, na uache kimo cha wimbi bila kukitaja.